Mtihani wa Siri wa Bi Kuluthumu

Mtaa mzima wa Shela, pale Malindi, ulijua kwamba ukitaka habari mbichi, ngoja adhana ya alasiri ipite, kisha shika njia ya kwa Kuluthumu binti Aboud. Mlango wake huwa wazi mbao zote mbili, mkeka umetandikwa ukumbini, harufu ya kahawa imeshafika njiani, na mwenyewe amekaa, kanga ya pili mabegani, anamsubiri wa kwanza kutia mguu ndani. "Haya, lete! Usiniambie hujasikia." Nani kaposwa, nani kamkataa mposaji, nani kanunua friji na umeme hana. Hakuna aliyetoka pale bila kucheka, wala hakuna aliyetoka pale asisemwe alipogeuza kisogo. Na hakuna aliyechukia, maana kila mtu alikuwa na zamu yake ya kusemwa.

Walimwona ni mtu wa watu, na kweli alikuwa. Wasichokijua ni kuwa magharibi ikishaingia, wenzake wakishajitanda mabuibui na kwenda kupika, Kuluthumu hubaki na vikombe. Mume alimwacha zamani. Binti yake wa pekee, Jaha, aliolewa Mombasa, na akija huja na haraka zake. Chakula cha usiku Kuluthumu alikila amesimama jikoni, kwa sababu kuketi peke yake mbele ya sinia kulimtia simanzi.

Kilichompa moyo wa kuamka ni kazi. Alikuwa opereta wa simu katika hoteli moja kubwa ya ufuoni. Siku kutwa amekaa mbele ya swichibodi, visikizi masikioni, nyaya mikononi, anachomeka hapa anachomoa pale. Mtaliani wa ghorofani anataka kuongea na Milano, mpishi anataka mtu wa samaki, mhasibu anaitaka Nairobi upesi upesi. Kila mmoja alimjua kwa sauti, na kila mmoja alimsalimu na kumwuliza alivyoamka kabla ya kumwunganisha. Na akishawaunganisha, tuseme kweli, hakuwa na haraka ya kutoka mstarini. Nusu ya habari za alasiri zilianzia kwenye nyaya zile.

Basi mwaka wa themanini na tisa akaja Bwana Kioko kutoka makao makuu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na makasha ya kompyuta nyuma yake. Akasimama mbele ya swichibodi akaitazama kama mtu anavyoutazama mzoga.

"Mama Kuluthumu, hii mashine yako ni ya kupelekwa makumbusho. Ikifika mwisho wa mwaka tunaing'oa. Wageni watakuwa wanapiga simu wao wenyewe, huko huko chumbani."

"Na mimi nitaunganisha nini, bwana?"

"Huunganishi kitu. Hapa tunaweka dawati la huduma. Kompyuta imekwama, simu imekufa, taa ya chumba imezimika, mtu anapiga hapa. Ni pahali pamoja tu. Anayekaa hapa anapokea, anaandika, anafuatilia mpaka iishe." Akakohoa kidogo. "Lakini lazima awe na cheti. Kuna mtihani Kilifi mwezi wa kumi na moja. Wewe na Ngala ndio nimewaandika. Anayepita anabaki. Asiyepita, kampuni inampatia haki yake na kumshukuru."

Ngala alikuwa kijana wa Rabai aliyekuwa akifanya kazi kwa mhasibu, mpole, mwenye macho ya mtu anayesoma sana. Alimtazama Kuluthumu akacheka kwa aibu. Kuluthumu naye akacheka, maana cheko lilikuwa karibu naye siku zote. Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani na buibui lake mwilini, akafikiri. Alasiri ni saa chache tu. Zikiondoka zile sauti za mchana, ataamka asubuhi aende wapi? Atamwuliza nani ameamkaje? Akajiona amekaa katika nyumba ile tangu alfajiri mpaka alasiri, na kuta zinamtazama. Hapo akaapa: mtihani huu ataupita, hata kama itabidi aumeze.

Kwa nini hakuwaambia wenzake? Hilo nalo lilikuwa na sababu. Mwanamke mwenye mjukuu kwenda kuketi dawatini na vijana, akipita, haya. Akianguka je? Alizijua alasiri za Shela. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifundisha kuuma. Alishawasikia kabla hawajasema. "Mwenzangu alikwenda Kilifi kutafuta cheti, karudi na vumbi." Akaona heri asiseme kitu mpaka jambo liishe. Na kwa kuwa kusoma hakwendi pamoja na kahawa na vicheko, siku ya Jumatatu, adhana ya alasiri ilipokwisha, Kuluthumu akaufunga mlango wake.

Mgeni hawezi kujua uzito wa jambo lile. Kwa watu wale mlango hufungwa alasiri mwenyewe akiwa safarini, au akiwa matangani. Akiwa mzima na yumo ndani, basi kawafungia watu.

Siku ile ya kwanza walibisha. "Hodi! Kulu! Hodi humu!" Kuluthumu alikuwa nyuma ya mlango, makaratasi mapajani, pumzi ameizuia. Ilikuwa sauti ya Kaltuma, jirani yake ukuta kwa ukuta, shoga yake tangu chuo cha Kurani, aliyemkanda mgongo alipomzaa Jaha.

"Labda kenda sokoni," akasema Tumu, yule mwembamba mwenye sauti nene.

"Sokoni bila viatu?" akauliza Kaltuma. "Champali zake hizi hapa, zinatutazama."

Kuluthumu akazikumbuka champali zake kizingitini. Kufungua sasa ni aibu, kutofungua ni aibu zaidi. Akangoja. Akasikia mabuibui yakiburura kwenda zao, na baada ya muda, ng'ambo ya ukuta, mkeka ukikung'utwa kwa Kaltuma. Kisha kicheko cha kwanza.

Basi ikawa ndio hivyo. Huku Kuluthumu na makaratasi, kule wao na kahawa.

Makaratasi ya Bwana Kioko yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakikumtisha. Alikiokota mstarini miaka mingi. Kilichomtaabisha ni kuwa maneno yenyewe aliyajua yote, ila humo ndani kila neno limevaa nguo nyingine. Mteja si mtumiaji, ati. Hilo alilipata upesi: mume ndiye aliyenunua cherehani, mke ndiye anayeshona, ikivunjika sindano atalia mke, lakini mwenye kupatana bei ni mume. Ombi nalo si hitilafu. Mtu anayetaka simu mpya hajaharibikiwa na kitu, anaomba tu. Badiliko alilielewa pia: usiguse kitu kinachofanya kazi mpaka umeomba ruhusa na wote watakaoguswa wamejua. "Hayo ni adabu tu," akajisemea, "Wazungu wameyatilia nambari."

Lakini kulikuwa na tukio na tatizo. Hayo mawili yalimkalia kooni. Karatasi ilisema tukio ni kukatika kwa huduma, na tatizo ni kisababishi. Kwake yeye kitu kikikatika ndilo tatizo lenyewe. Ukikirudisha, hakuna tena. Alimwuliza Ngala siku moja wageni walipokuwa wamelala mchana.

"Mama, simu ya jikoni ikikoroma, wewe hufanya nini?"

"Naipitisha mstari wa stoo. Mpishi anavuka ua, anapokea."

"Basi hilo la leo ni tukio, na umelimaliza. Mpishi kapata simu yake."

"Sasa tatizo liko wapi, kama keshapata?"

"Kesho itakoroma tena, mama. Kwa nini inakoroma? Hujajua. Umempitisha njia ya pembeni tu."

"Ngala mwanangu, simu ile inakoroma tangu wewe unanyonya, na mpishi hajalala na njaa hata siku moja."

Ngala akacheka mpaka akavua miwani. "Mtihani hautauliza kama mpishi alilala na njaa."

"Basi ni mtihani usio na huruma," akasema Kuluthumu. Lakini hakuelewa, na alijua kuwa hakuelewa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa njia za pembeni. Mstari huu umekufa, pitisha ule. Mgeni kakasirika, mpelekee tunda. Watu wawili wamegombana, wape kitu cha kuchekea. Siku ipite, kesho ina Mungu.

Na alikuwa haelewi kitu mpaka akiseme kwa mdomo. Wengine husoma kwa macho. Yeye alisoma kwa ulimi. Kwa hiyo alasiri zile, mlango umefungwa, alizunguka ukumbini akijiuliza na kujijibu. Kwa sauti ya juu aliuliza kama Bwana Kioko: "Niambie, wewe, hili ni nini?" Kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, alijibu: "Hili ni ombi, bwana, si hitilafu." "Na unalipa uzito gani?" "Natazama limeumiza watu wangapi, bwana, na linaweza kungoja au haliwezi." Akikosea alijikemea. Akipata alijisifu. "Ahsante, bwana," hujijibu, na kucheka kidogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya alasiri.

Mwezi haukwisha, asubuhi moja Kabibi, msafisha vyumba aliyekaa Kisumu Ndogo, akaja na ndoo yake mpaka kwenye swichibodi. Akaiweka chini, akajipangusa mikono.

"Shikamoo, mama. Na hongera."

"Marahaba. Hongera ya nini?"

"Haya, nifiche basi! Mji mzima unajua umeolewa."

Kuluthumu akachomoa waya usiokuwa wake. Mtaliani wa watu akakatikiwa na Milano. "Nimeolewa na nani?"

"Mfanyabiashara wa Mambrui. Mnene, wanasema, ana mke mkali, ndiyo maana anakuja alasiri kwa mlango wa uani. Watu wanakusikia unavyomjibu. 'Ndiyo, bwana. Ahsante, bwana.'" Kabibi akainamisha kichwa. "Wanasema unamnyenyekea sana, mama. Wewe wa kumnyenyekea mtu?"

Kuluthumu alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashika meza. Habari ilikuwa tamu! Ingekuwa ya mwanamke mwingine angeinunua kwa kahawa ya birika zima. Angeitilia chumvi yake: angempa yule mnene kifua kinachokoroma na kofia isiyomwenea. Kabibi akaondoka na ndoo yake, na kicheko kikamkauka Kuluthumu mdomoni, maana aligeuka kutafuta wa kumhadithia akaona taa za swichibodi tu, zinawaka na kuzima. Mtu aliyetaka kumwambia kwanza alikuwa Kaltuma. Na bila shaka Kaltuma ndiye aliyeitunga.

Akaona mambo yanaanza kuharibika, na akafanya alichokijua. Tumu alikuwa amelalamika kuwa Kuluthumu hakutokea siku ya posa ya binti yake. Haya. Akakaanga kaimati, akazimwagia shira, akajaza sahani yake ya maua, akampelekea. Tumu alipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Ahsante, umejisumbua." Shekha, wa nyumba ya pembeni, alikuwa amejifungua na Kuluthumu hakwenda kumtazama mtoto. Akaoka mkate wa sinia, akakatia kipande kikubwa. Ijumaa akapika biriani, akampelekea Kaltuma sahani iliyofunikwa kwa kawa, nyama yote juu. Kaltuma hakuwapo, alipokea mkwewe. Kuluthumu akarudi nyumbani na moyo mwepesi. Yamekwisha hayo. Akafunga mlango, akasoma.

Sahani zikarudi moja moja. Huko sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu, utatia chumvi kidogo kwenye karatasi, utachuma majani ya mrehani uani. Lakini sahani itarudi na kitu ndani yake, na itarudi kwa mkono, kwa hodi na salamu. Ile ya Tumu aliikuta juu ya kibaraza cha nje alipotoka kazini, imeoshwa, tupu. Akasema labda aliyetumwa kala kilichokuwamo. Ya Shekha aliikuta pale pale, tupu. Akasema mzazi yule, hana nafasi. Ya Kaltuma aliikuta siku ya tatu yake, kawa juu, akalifunua kwa pupa kama mtoto. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, na haikuwa na hata jani.

Alizipanga zote ukumbini, mkekani, akakaa mbele yake. Alasiri ilikuwa imetulia, na ng'ambo ya ukuta walikuwa wanasimuliana jambo. Alisikia mnong'ono ukipanda kisha wote kupasuka kwa kicheko. Aliitazama sahani ya Tumu: posa. Aliitazama ya Shekha: mtoto. Ya Kaltuma: viatu kizingitini, kubisha bila kujibiwa. Kila moja alikuwa ameishughulikia peke yake na kuihesabu imekwisha. Na kila moja ilirudi na ugonjwa ule ule. Sauti ya Ngala ikamjia: kesho itakoroma tena, mama.

"Yarabi," akasema. Hakusema kwa sauti ya Bwana Kioko wala ya mwanafunzi. Posa haikuwa tatizo lenyewe, wala mtoto, wala kubisha. Angeweza kupika mpaka kuni za Malindi ziishe. Kilichokuwa kikizikata nyuzi zote zile kilikuwa kimoja, naye ndiye aliyekiweka kwa mkono wake siku ile ya Jumatatu, akakitia komeo.

Alilielewa neno ambalo makaratasi yalishindwa kumwelewesha, na alitamani asingelielewa.

Angeweza kuinuka pale pale. Mlango haukuwa mbali. Angeufungua, angekwenda kwa Kaltuma kama alivyo, angesema: jamani, nasoma, naogopa, nisameheni. Alifika mpaka kwenye komeo akalishika. Lakini mtihani ulikuwa wiki ile ile. Akisema leo, watajaa leo. Watataka kujua kila kitu. Kesho mji wote utakuwa unangoja jibu la Kilifi. Akianguka mbele ya mji? Akaliachia komeo. Kulikuwa na neno jingine kwenye makaratasi, alilikariri bila taabu: kosa linalojulikana. Chanzo chake umeshakijua, dawa yake umeshaijua, ila dawa hujaitia bado, na watu wanaendelea kuishi nalo. Akazichukua sahani, akazirudisha kabatini. "Baada ya mtihani," akajiambia.

Kilifi alikwenda na Ngala kwa gari la hoteli. Ukumbi wa mtihani ulikuwa juu ya mlango wa bahari, upepo unataka kuwanyang'anya karatasi, na watahiniwa wengine walikuwa vijana watupu waliomwamkia shikamoo mmoja mmoja mpaka akachoka kuitika. Swali la mwisho lilitaka mfano kutoka kazini kwako: matukio mengi, tatizo moja. Kuluthumu akaandika, "Sahani tatu," akayatazama maneno yale. Msahihishaji wa ng'ambo atafahamu nini juu ya sahani? Akayakata, akaandika habari ya simu ya jikoni. Aliandika vizuri. Aliandika hata jambo alilolichunguza wiki ile: kwamba inakoroma kila mashine ya dobi inapowashwa, maana nyaya zao zimelala pamoja.

Walipotoka, mama yake Ngala alikuwa langoni na kikapu. Jina lake Jedida, mwanamke mfupi, kitambaa cha kanisa kichwani, ametoka Rabai asubuhi na mapema na mikate ya mofa na kuku. Alimkumbatia mwanawe kama katoka vitani, kisha akamgeukia Kuluthumu.

"Ndiye mama wa simu? Njoo ule. Wako wanakuja saa ngapi?"

"Wangu wako mbali," akasema Kuluthumu. Kutoka Kilifi mpaka Shela si mbali hata kidogo.

"Sisi Jumapili tumewaombea wote wawili. Ngala alitutajia jina lako, kanisa zima likaitikia." Jedida akamjazia mkono paja la kuku. "Kula, mama. Mtu halii na chakula mkononi. Kwani mtihani umekuwa mgumu hivyo?"

"Si mgumu," akasema Kuluthumu, akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Watu wa Rabai asiowajua walilitaja jina lake kwa Mungu, na Kaltuma, ukuta kwa ukuta, hajui kama yuko Kilifi.

Akarudi, na bado hakusema. Kwanza alijiambia angoje majibu. Kungoja ni rahisi kuliko kubisha mlango wa mtu uliyemfungia wako.

Majibu yalikuja kwa njia yake mwenyewe. Asubuhi moja Nairobi ilimtaka Bwana Kioko, aliyekuwa amekuja tena kwa kazi zake. Kuluthumu akaunganisha, na kwa mazoea hakutoka mstarini.

"Wote wawili wamepita," ikasema sauti ya Nairobi. "Huyo mama amefanya vizuri sana kwenye tukio na tatizo."

"Nilikuwa na wasiwasi naye, nakwambia ukweli," akasema Bwana Kioko. "Sawa. Kijana nitampeleka hoteli ya Kilifi, akafungue dawati huko. Mama abaki hapa."

"Peke yake atamudu?"

"Atamudu. Wageni wakishaanza kujipigia, simu zitapungua."

Kuluthumu akavua visikizi masikioni taratibu. Amepita. Alitaka kupiga kigelegele, akaziba mdomo kwa mkono, maana habari ile hakutakiwa kuwa nayo. Ngala alikuwa chumba cha pili, anachapa, hajui kuwa amepita wala kuwa anaondoka. Hakuweza kumwambia hata yeye. Akakaa na furaha yake mapajani kama mzigo wa mtu uliosahauliwa, mpaka saa ya kutoka.

Alasiri ile hakwenda nyumbani. Alipita mlango wake, akasimama mbele ya wa Kaltuma, ulio wazi mbao zote mbili.

"Hodi."

Ndani mazungumzo yakakatika kama redio iliyozimwa. Kisha sauti ya Kaltuma, safi, ya adabu: "Karibu, Bi Kuluthumu."

Bi. Hakuwahi kuitwa Bi na kinywa kile.

Walikuwa wote mkekani, Tumu, Shekha na mtoto wake, na wengine, miguu imekunjwa, magoti yakigusana. Walimwamkia mmoja mmoja, wakamwuliza hali, wakamwuliza Jaha, wakamwuliza mjukuu, hawakuruka hata neno. Shekha akainuka upesi akaleta kiti. Kiti cha mbao chenye mito, kile wanachokalia wageni kutoka Lamu na wazee wanaokuja kuposa. Akakiweka, akakipangusa kwa kanga yake. Kuluthumu akautazama mkeka. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kama mtu angesogea. Hakuna aliyesogea. Akakaa kitini, juu yao wote.

Akawaambia. Hakuipamba hadithi, na kwa mara ya kwanza maishani aliisimulia habari kwa ufupi: swichibodi inang'olewa, kulikuwa na mtihani, alikuwa akisoma kwa sauti, amepita.

"Na sisi tukasema umeolewa!" akapasuka Tumu, na wote wakacheka, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama zamani. "Maskini yule mnene wa Mambrui, tumemsema bure!"

"Hongera, Bi Kuluthumu," akasema Kaltuma kicheko kilipokwisha. "Mungu akujaalie kheri. Nani alijua?"

"Ngala wa kazini. Na watu wa kwao Rabai. Waliniombea."

Neno lilikwisha kumtoka. Kaltuma akatikisa kichwa polepole, akijipangia jambo lile moyoni. "Rabai," akasema. "Rabai walijua."

"Niliogopa kuanguka, Kaltuma. Niliogopa mtanisema."

"Tungekusema," akajibu Kaltuma, bila hasira. "Kwani lini hatukukusema? Ulipoachwa tulikusema, na tulilala kwako siku zote za eda, hukulala peke yako hata usiku mmoja. Ungeanguka tungekusema mpaka mvua za masika. Na ukumbi wako ungejaa."

Mtoto wa Shekha akalia kidogo, akapewa ziwa. Kuluthumu alitafuta kitu cha kusema ambacho kingewachekesha. Alivijua vingi, na vyote alivitazama akaviacha.

Kaltuma akamimina kahawa. Akamwanza yeye, kama inavyopasa, wenye kukaa mkekani wakangoja. Kikombe kilipokwisha akanyoosha birika akamjazia tena, mgeni haulizwi. Wanawake wote wa ukumbi ule walijua kuwa Kuluthumu hanywi cha pili, kinamfukuzia usingizi. Walishamcheka kwa hilo miaka na miaka. Leo hakuna aliyemzuia wala kumcheka. Akakishika kwa vidole viwili, akapuliza moshi, akanywa.